Maji kwanza, ndege baadaye: mwongozo kamili wa kutazama ndege katika hori ya Mida

Wengi wanaorudi kutoka Mida wakilalamika kwamba hawakuona ndege walikwenda saa isiyo yake. Walifika bahari imepwa hadi mwisho, tope limeanikwa mpaka upeo wa macho, na ndege wote wako mbali huko, vidoa vinavyotetemeka katika mvuke wa jua. Au walikuta maji yamejaa pomoni, tope lote limefunikwa, na ndege wamekwenda kupumzika mahali pasipoonekana. Siku hiyohiyo, saa tatu kabla au baadaye, wangekaa kwenye kibanda cha kutazamia na maelfu ya ndege wangesogea mbele yao hatua kwa hatua, wakisukumwa na maji.

Mvuvi wa Mida hashikwi na jambo hili kwa sababu siku yake huipanga kwa maji, si kwa saa ya ukutani. Mtazamaji wa ndege afanye vivyo hivyo. Vitabu vingi vya ndege huanza na darubini na rangi za manyoya. Hapa tutaanza na bahari, kisha msimu, na ndege watakuja mahali pao.

Mida ni hori inayoingia nchi kavu kusini kidogo mwa Watamu, katika Kaunti ya Kilifi. Kando yake kumezungukwa na mikoko: mkoko wenyewe wenye mizizi iliyousimamisha kama nguzo, mchu, mkandaa, muia na mlilana. Katikati kuna uwanja mpana wa tope na mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na maji kila siku. Eneo hili ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Malindi na Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliiingiza Malindi na Watamu katika orodha ya hifadhi za viumbehai duniani. Upande wa pili wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ndege wake wa aina nyingine kabisa. Kwa mtu mwenye siku mbili, ni vigumu kupata mahali pengine Kenya penye utajiri namna hii katika mwendo mfupi.

HATUA YA KWANZA: ANZA NA MWEZI, KISHA JEDWALI LA MAJI

Katika saa 24 maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kuliko jana, mara nyingi kwa dakika 40 hadi 60. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na bamvua kubwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha mita moja tu.

Kwa nini hili limhusu mtu anayetaka kuona ndege? Kwa sababu chakula kimo ndani ya tope: kaa wadogo, minyoo, konokono, uduvi. Ndege wa ufukweni hula wakati tope liko wazi, usiku na mchana, na hupumzika likifunikwa. Wewe unataka kuwa pale wakati wa kuhama, maji yanapoanza kulimeza tope na ndege wanalazimika kusogea kutoka katikati ya hori kuja ukingoni uliko. Huwafuati wewe. Bahari inakuletea.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wageni hawaambiwi. Saa za bamvua hazihamihami. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu hivi, na hupwa asubuhi kati ya saa nne na saa tano na nusu. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kibanda cha kutazamia cha Mida kiko upande wa magharibi wa hori, kikielekea mashariki. Asubuhi jua linakupiga machoni na ndege wote wanageuka vivuli vyeusi. Alasiri jua liko mgongoni mwako na kila unyoya una rangi yake. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata jibu: siku za bamvua, hasa siku mbili au tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Kwa anayehesabu miezi kwa mwandamo, lenga siku ya 2 hadi ya 4 ya mwezi huo, na tena siku ya 16 hadi ya 18.

Baada ya kuchagua siku, tafuta saa kamili. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji, na programu za simu za kuonyesha maji ni nyingi. Jedwali huandika 17:10, nayo ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Badilisha saa mapema na kuiandika, usije ukachanganyikiwa njiani. Kumbuka pia kwamba jedwali hilo ni la Kilindini, bandari ya Mombasa. Mida hupokea maji kupitia mlango mwembamba, kwa hiyo hujaa nyuma kidogo ya bahari kuu. Wavuvi wa pale wanaujua ucheleweshaji huo kwa mazoea, na kuwauliza ni bora kuliko kukokotoa.

Hesabu ya mwisho ni hii. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda kidogo sana. Saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia, na karibu nusu ya maji yote hupanda katika saa hizo mbili. Kama yamepwa saa tano asubuhi, basi kati ya saa saba na saa tisa ndege watakuwa wanasogea kwa wingi. Uwe umeketi saa sita na nusu. Ukifika saa tisa umechelewa, hata kama jedwali linasema maji yatajaa saa kumi na moja.

HATUA YA PILI: CHAGUA MSIMU

Ndege wengi wa Mida ni wasafiri. Huzaliana kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi cha huko: wengine kwenye nyanda baridi za Siberia karibu na Aktiki, wengine kwenye nyika za Asia ya Kati, wengine kwenye misitu ya Urusi. Wakubwa huanza kuingia pwani yetu mwezi Agosti, kusi bado inavuma, na watoto wao waliozaliwa mwaka huo hufuata wiki kadhaa baadaye, wakiijua njia bila kuonyeshwa. Kufikia Oktoba hori imejaa. Idadi hubaki kubwa hadi Machi, na mwishoni mwa Aprili wengi wameondoka.

Anayeanza kabisa aje kati ya Novemba na Februari. Kaskazi imetulia, mvua kubwa zimepita au hazijafika, na ndege ni wengi kila siku. Wakati huo karibu wote wamevaa rangi za kijivu na hudhurungi, na hilo humvunja moyo mtu anayetegemea rangi kuwatambua. Lakini ndiyo shule nzuri, kwa sababu inakulazimisha kutazama mdomo, miguu na mwendo.

Aliyekwisha kuzoea asikose mwisho wa Machi na wiki za mwanzo za Aprili. Hapo ndege huvaa mavazi ya kuzalia kabla ya kuondoka. Chamchanga mwenye mdomo wa kupinda (Calidris ferruginea), aliyekuwa wa kijivu miezi sita, huwa mwekundu wa matofali kifua na tumbo. Vitwitwi wa mchangani hupata mshipi wa rangi ya chungwa kifuani. Kitwitwi mkubwa wa kijivu (Pluvialis squatarola) hugeuka mweusi tititi kuanzia usoni hadi tumboni. Hula kwa bidii mno siku hizo, kwani wanaweka mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita.

Kuna mmoja asiyekwenda mbali hivyo, na kwangu yeye ndiye sababu ya kutosha ya kufunga safari. Ni mla-kaa (Dromas ardeola), ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia magamba ya kaa. Huzaliana kwenye fukwe za joto kali za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, na pwani ya Somalia. Jike hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo lililochimbwa mchangani, na joto la ardhi husaidia kuliatamia; hakuna ndege mwingine wa ufukweni afanyaye hivyo. Baadaye familia hushuka kuja kwetu, kwenye njia ileile majahazi ya Oman yalikopita kwa karne nyingi. Mtoto huja na mzazi wake na kuendelea kulishwa miezi mingi baada ya kuweza kuruka. Ukiwa kibandani utamsikia kabla ya kumwona: mluzi mwembamba wa kuombaomba, na kinda kubwa la kijivu likimfuata mzazi mwenye kaa mdomoni.

HATUA YA TATU: VIFAA

Usikae nyumbani kwa kukosa vifaa. Unachohitaji kweli ni darubini moja, kofia, maji ya kunywa na daftari.

Darubini huandikwa namba mbili, kama 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa Mida 8x42 inatosha na ndiyo ningeichagua. Nyingi za bei rahisi zinazouzwa mjini hujivunia kukuza mara 20 au 30; ziache, kwa maana mkono ukitikisika kidogo picha yote huruka, na mwanga unaoingia ni hafifu. Kabla ya kununua tazama maandishi ya mbali upande wa pili wa barabara. Yakionekana mawili-mawili, irudishe papo hapo.

Ukiwa na teleskopu ya kusimama kwa miguu mitatu, hapa ndipo mahali pake, kwani ndege wakiwa mita 200 darubini ya mkononi haitoshi kuwatenganisha wadogo. Waongozaji wa ndege wa eneo hili huwa nazo mara kwa mara, na hiyo pekee ni sababu ya kumlipa mwongozaji. Simu yako inaweza kupiga picha kupitia kioo cha teleskopu: iweke lenzi katikati, punguza mwanga, piga nyingi.

Nguo ziwe za kijani, kahawia au khaki. Nyeupe inaonekana kilomita nzima. Viatu viwe vya kufunga. Kandambili hubaki topeni, na chaza waliojishika kwenye mizizi ya mikoko hukata nyayo kama wembe. Beba pia dawa ya mbu ukikusudia kubaki hadi magharibi.

HATUA YA NNE: KUFIKA NA KUINGIA

Ukitoka Mombasa panda matatu ya Malindi na umwambie makanga akushushe Mida, kabla ya kufika Gede. Ukitoka Malindi au Watamu, pitia Gede ndipo ushuke kusini. Kutoka barabara kuu, ulizia njia ya mbao ya mikokoni. Ni mwendo wa miguu au bodaboda ya dakika chache.

Njia hiyo ya mbao inapita juu ya tope katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda kinachotazama uwanja wa wazi. Ni mradi wa jamii. Ada ya mgeni hulipwa pale, na kupitia mpango uitwao ASSETS, unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya lenye makao Watamu, fedha za wageni zimekuwa zikisaidia karo za sekondari za watoto wa familia zinazopakana na hori na msitu. Lipa, chukua risiti, na ukiweza chukua mwongozaji wa palepale. Uliza kwanza hali ya mbao ikoje, maana chumvi na maji huzila, na sehemu fulani huweza kufungwa kwa ukarabati.

Njiani utakutana na wavuvi na watu waliotoka kutafuta kaa. Salamu kwanza: shikamoo kwa mkubwa, kisha habari za maji. Anayeshinda humo kila siku anajua leo heroe wamelala upande gani, na hakuna programu ya simu itakayokuambia hilo.

Mtu asikushawishi kutembea topeni kuwafuata ndege wakati maji yanajaa. Kuna mikondo mirefu inayojaa nyuma yako kabla ya tope ulilosimama juu yake, na unaweza kujikuta kisiwani. Ukitaka kutembea, nenda na mwenyeji, maji yakiwa yanapwa.

HATUA YA TANO: KUKETI NA KUTAZAMA

Ukifika kibandani usiinue darubini mara moja. Kaa kimya dakika kumi. Tazama kwa macho matupu mstari wa maji uko wapi, visiwa vya tope vilivyobaki viko wapi, ndege wamejikusanya wapi. Visiwa hivyo vitapungua kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikizama ndege wake watahamia kinachofuata kilicho karibu zaidi nawe. Ukishaujua mpangilio huo unaweza kuelekeza darubini mahali ambapo watatua kabla hawajatua.

Kisha pita polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ukigusa kila ndege. Usiruke kwenda kwa yule mkubwa wa kupendeza. Wapya hujificha katikati ya wengi.

Kundi zima likiruka kwa ghafla, tazama juu. Mara nyingi ni mwewe au kozi anapita, na jinsi vitwitwi mia kadhaa wanavyogeuka pamoja angani, mara weupe mara weusi, ni tamasha ambalo halina kiingilio. Lakini kama waliruka kwa sababu yako, umekosea mahali: umesimama juu sana, umepiga kelele, au umesogea mno.

HATUA YA SITA: KUTAMBUA

Wengi hukata tamaa hapa, kwa kuwa wenyeji huwaita karibu wote vitwitwi na kuyamaliza. Nenda kwa utaratibu huu: mwendo, mdomo, kimo, na rangi iwe ya mwisho.

Mwendo unagawa wadogo makundi mawili. Wapo wanaokimbia hatua chache, wanasimama ghafla, wanatazama, kisha wanadokoa. Hawa wana mdomo mfupi na jicho kubwa. Wanawinda kwa kuona. Ni vitwitwi wa mchangani na yule mkubwa wa kijivu. Kundi la pili hawasimami. Wameinamisha kichwa na kudunga tope mfululizo, kwa maana mdomo wao una hisia na wanapapasa chakula wasichokiona. Chamchanga wa mdomo wa kupinda ni wa kundi hili. Dakika tano za kutenganisha makundi haya mawili zitakufaa kuliko kurasa ishirini za kitabu.

Baada ya hapo tazama mdomo. Uliopinda kwenda chini na mrefu kupita kiasi ni wa sululu. Wapo wawili Mida: mdogo ana mistari myeusi na myeupe utosini na sauti ya mlio wa kurudiarudia kama mara saba, mkubwa hana mistari hiyo na mdomo wake ni mrefu kupindukia. Wote huuingiza katika shimo la kaa hadi karibu na uso. Mdomo uliopinda kwenda juu, kwa ndege mdogo mwenye miguu mifupi ya manjano anayekimbiakimbia kama amechelewa, ni wa Xenus cinereus, mzaliwa wa misitu ya kaskazini. Hukimbiza kaa wadogo kwa kasi, kichwa kimeinama. Ukimwona mara moja hutamsahau. Mrefu mwenye miguu ya kijani kibichi na mdomo ulioinuka kidogo tu, alaye peke yake kwenye vidimbwi na kulia mara tatu anaporuka, ni Tringa nebularia. Mfupi mnene wa miguu ya chungwa anayepindua mawe na mwani ni Arenaria interpres.

Kitwitwi mkubwa wa kijivu ana siri moja: akiinua mabawa kwapa lake ni jeusi. Ngoja tu aruke.

Vitwitwi wa mchangani wawili, mkubwa na mdogo, ni mtihani hata kwa wazoefu. Mkubwa ana mdomo mrefu na mnene zaidi na miguu mirefu, lakini kila ndege akisimama peke yake utajidanganya. Subiri wasimame bega kwa bega. Wasiposimama, andika "kitwitwi wa mchangani, aina haikuthibitika" na uendelee. Daftari lenye maneno hayo lina thamani kubwa kuliko lenye majina ya kubahatisha.

Wakubwa watakupa raha bila taabu. Yangeyange weupe, korongo mwenye mdomo wa manjano akipapasa majini mdomo ukiwa wazi nusu, kwarara weupe wenye kichwa cheusi, miaka mingine heroe kadhaa au zaidi. Shakwe na membe hukusanyika kwenye mchanga wa mwisho kuzama. Kwenye mikoko mtafute mdiria wa mikokoni, mwenye mdomo mwekundu wote, kichwa cha kijivu na mgongo wa buluu. Hukaa kimya tawini na kushuka ghafla juu ya kaa. Juu kabisa furukombe, mweupe kichwani, na sauti yake inayojulikana kila mahali penye maji barani.

Usiondoke kabla ya magharibi. Kati ya Novemba na Machi keremkerem wekundu (Merops nubicus), wenye kichwa cha kijani-buluu na mkia mrefu uliochongoka, hurudi kutoka mashambani kulala mikokoni Mida. Kuanzia saa kumi na moja na nusu huja kwa vikundi, vikundi vinaungana, na mikoko ya kijani hujaa wekundu. Siku za bamvua ulizozichagua kwa hesabu ya hapo juu, maji yatakuwa yamejaa chini yao wakati huohuo.

HATUA YA SABA: KUHESABU NA KUANDIKA

Andika palepale: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, upepo, kila aina na idadi. Hali ya maji isisahaulike, kwani idadi ya ndege bila hali ya maji haimsaidii atakayeisoma baadaye.

Kundi kubwa lihesabu hivi. Hesabu ndege kumi kwa hakika na ukariri jinsi kumi hao wanavyokaa machoni. Kisha pitisha kipimo hicho juu ya kundi: kumi, ishirini, thelathini. Likiwa la maelfu, tumia kipimo cha mia. Rudia kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikipishana sana, hesabu tena.

Takwimu zako zina mahali pa kwenda. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, na raia yeyote anaweza kutuma orodha kwa programu ya simu ya BirdLasser. Orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutazama kwa bidii ndani ya mraba mmoja, na waweza kuiongezea hadi siku tano. Kila Januari pia kuna hesabu ya ndege wa majini inayofanyika katika nchi nyingi za Afrika. Nchini Kenya huratibiwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na washirika, na watu wa kujitolea wanaotofautisha sululu na mla-kaa wanahitajika sana.

Ukimwona ndege mwenye pete mguuni, andika mguu gani, juu au chini ya goti, rangi, na herufi zozote unazosoma. Piga picha. A Rocha Kenya wamewavisha pete ndege wa Mida kwa miaka mingi, na taarifa ya pete moja huweza kuunganisha hori hii na ufuo wa nchi nyingine.

ADABU YA MAHALI

Ndege aliyelala maji yakijaa hajakaa bure. Ana saa chache za kupumzika kabla ya tope kufunguka tena, na kila akirushwa anachoma mafuta aliyoyatafuta kwa shida. Mwezi Machi hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo nauli yake ya kwenda Siberia. Basi usisogelee makundi yaliyopumzika ili kupata picha ya yakiruka. Usiwachezee sauti za simu. Ndege zisizo na rubani zisirushwe juu ya hori. Zinahitaji kibali na huwatisha kuliko kozi. Mikoko isikatwe tawi hata la kujifunika jua.

KUSI IKIANZA

Kati ya Mei na Julai Mida huwa na nafasi. Wachache hubaki, hasa wadogo wasiofikia umri wa kuzaa, wakiwemo sululu na baadhi ya wala-kaa. Unaweza kuja kujifunza mmoja mmoja kwa utulivu, lakini kama una siku moja tu katika miezi hiyo, nenda mlango wa mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi.

Sabaki ni kinyume cha Mida. Mto unamwaga udongo mwekundu kutoka bara, bahari yote pale inageuka kahawia, na mchanga wa mlangoni hubadilika sura kila mwaka. Kati ya Aprili na Septemba hufika pale ndege wadogo wa kahawia wenye mabawa marefu na mruko kama wa mbayuwayu (Glareola ocularis), wanaozaliana Madagaska na kuvuka bahari kuja kwetu wakati wale wa Siberia wamekwenda zao. Hupumzika mchangani wote wameelekea upepo, na rangi yao hulingana na ardhi kiasi kwamba hutawaona mpaka mmoja anyooshe bawa.

Nenda asubuhi, kabla upepo wa kusi haujaanza kurusha mchanga kwenye vioo vya darubini, na uchukue kijana wa kijiji cha jirani anayejua mahali pa kupita. Mto una viboko. Hushinda majini mchana na kutoka jua likitua kwenda kula majani kando ya njia zilezile utakazozipita, kwa hiyo uwe umeondoka ukingoni kabla ya saa kumi na moja jioni.